Mgonjwa Hupanda Boda, Mafunzo Hubaki Forodhani

Kijana alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la Kenya, lenye picha ya kasuku kwenye jalada. La pili lilikuwa la Uganda, limechanika pembeni na kubandikwa plasta ya dukani. Mama yake aliyatoa katika kaveera, mfuko mwembamba ambao ng'ambo ya pili ungemtia matatani tangu Kenya ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, tarafa ya Merikit, wilaya ya Tororo, Uganda. Shingo ya kijana ilikuwa imepinda upande kama mtu anayechungulia dirishani, macho yamegeuka juu, ulimi mzito.

"Musawo," yaani tabibu, mama akaniambia kwa Kiswahili cha mpakani, "alikuwa na mawazo mingi tu. Sasa hii ni kifafa imeongezeka, ama ni watu wa nyumbani wamemfanyia kitu?"

Nikafungua daftari la kasuku. Sindano ya mwezi ya flufenazini, imedungwa mwanzoni mwa mwezi upande wa Kenya. Nikafungua la Uganda. Sindano ileile, siku tisa baadaye, pamoja na vidonge vya haloperidoli. Maandishi yalikuwa safi, tarehe zipo, sahihi zipo. Kila muuguzi alikuwa ametoa dozi iliyo sahihi kwa daftari alilolikuta mbele yake. Kijana ndiye aliyezibeba dozi mbili katika mwili mmoja. Kilichoipinda shingo yake hakikuwa kifafa wala husuda ya jirani, ilikuwa dawa. Tulimdunga promethazini, na kabla ya saa moja kuisha alikuwa ameinyoosha shingo na anaomba maji.

Nimebadilisha mambo mawili matatu katika kisa hiki ili mwenyewe asitambulike. Kiini chake sikukigusa, maana ndicho kinachonifanya niandike. Wauguzi wote wawili walikuwa wamesoma. Si chuoni tu. Walikuwa wamehudhuria mafunzo kazini ya afya ya akili, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja anacho cheti. Nilipozungumza nao baadaye niliwauliza swali moja: katika siku hizo za semina, kuna mtu aliyekufundisha kumuuliza mgonjwa ametibiwa wapi ng'ambo? Hakuna. Moduli ya mmoja ilipangwa Kampala, ya mwenzake Nairobi, na zote mbili zilikuwa na harufu ya Geneva, makao ya Shirika la Afya Duniani. Katika karatasi hizo mpaka ni mahali nchi inapoishia. Kwa mtu wa Merikit mpaka ni njia ya kwenda sokoni.

Tusisahau kwamba, kwa simulizi ya wengi, neno boda boda lilizaliwa hapahapa mpakani, miaka ya 1960, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakivusha abiria na mizigo kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Hadi mwaka 1902 sehemu zote hizi zilikuwa chini ya Uganda. Kisha mpaka ukasogezwa kwa kalamu, na Waiteso wakajikuta wako pande mbili. Leo wapo Tororo na Busia ya Uganda, na wapo Teso Kaskazini na Teso Kusini katika Kaunti ya Busia, Kenya. Wasamia nao vivyo hivyo. Mtu ana shamba huku, shangazi kule, laini ya Safaricom na laini ya MTN katika simu moja. Mwaka 2018 marais Kenyatta na Museveni walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Saruji ikapata ukaguzi wa pamoja. Daftari la mgonjwa wa akili bado.

Ninaposikia mkutanoni kwamba dawa ya tatizo hili ni "kuongeza mafunzo", huwa nanyanyua mkono niulize: mafunzo yapi?

Mafunzo tunayo, tena mengi. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa afya ya akili, mhGAP, mwaka 2008, na kutoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu mwaka 2010, kazi ya kuwafunza watumishi wasio mabingwa imesambaa Afrika Mashariki nzima. Wazo lenyewe ni la busara. Uganda ina watu karibu milioni 46 kwa sensa ya 2024, na madaktari bingwa wa akili wanaohesabika kwa makumi, wengi wao Kampala. Butabika, hospitali kuu ya akili iliyofunguliwa mwaka 1955, iko yapata kilomita 200 kutoka Tororo. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, iko mbali zaidi kwa mtu wa Busia. Kwa hiyo kazi lazima ishuke kwa muuguzi, kwa afisa kliniki, kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Uganda ilikwenda mbali zaidi ikaunda kada ya maafisa kliniki wa magonjwa ya akili, watu wanaosomea Butabika na kubeba mzigo ambao kwingine hubebwa na daktari bingwa. Bila wao, wilaya nyingi za mashariki zingekuwa na kufuli mlangoni.

Lakini wazo la busara lilipofika wilayani lilivaa vazi la semina. Ukumbi wa hoteli, bango lenye nembo sita, chai ya saa nne, projekta inayokataa kuwaka, karatasi ya kusaini asubuhi na nyingine jioni, posho siku ya mwisho. Jumatatu inayofuata muuguzi amerudi kituoni, amekuta foleni ya malaria na chanjo, na kabrasha la mhGAP limeingia kabatini. Simlaumu anayesubiri posho. Mshahara wake nauona. Ninachokataa ni kuuita mzunguko huo elimu endelevu. Kinachoendelea hapo ni kusaini.

Nyanza, si mbali na Busia, kuna jambo lililopimwa ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, Wizara ya Afya ya Kenya na Chuo cha Mafunzo ya Tiba, wakishirikiana na Profesa Rachel Jenkins wa London, waliwapitisha watumishi zaidi ya 1,000 wa vituo vya afya na zahanati katika kozi fupi ya siku tano, saa 40. Kisha wakafanya jambo ambalo waandaaji wa semina hawalipendi: walipima. Vituo vya Nyanza viligawanywa kwa bahati nasibu, vingine vikapeleka watumishi kwenye kozi, vingine vikangoja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013, na yanashangaza. Watumishi waliofunzwa hawakuwatambua wagonjwa wa akili kwa wingi kuliko wenzao wasiofunzwa. Ila wagonjwa waliohudumiwa katika vituo vya waliofunzwa walipata nafuu zaidi, ya afya na ya maisha yao.

Soma sentensi hizo mbili tena. Jina la ugonjwa halikuandikwa mara nyingi zaidi, na mgonjwa akapona zaidi. Watafiti wana maelezo yao. Mimi nina yangu, ya mtu aliyekaa vyumba hivyo. Siku tano hazitoshi kumfanya mtu aione sonona nyuma ya maumivu ya mgongo. Zinatosha kumfanya aache kufoka. Anaketi, anamtazama mama usoni, anamwachia dakika tatu za kusema, anauliza nyumbani kukoje. Hilo lenyewe ni tiba kiasi. Ule ustadi mwingine, wa kuutambua ugonjwa uliojificha, haupatikani ukumbini. Unapatikana kwa kukosea mbele ya mtu anayejua zaidi yako, na yeye akakuonyesha ulipokosea, wiki hii, na wiki ijayo, na mwezi ujao.

Ushahidi wa pili unatoka upande wa Uganda. Mwaka 2003 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti uliofanyika vijiji 30 vya Masaka na Rakai. Wenyeji wasio na shahada yoyote ya saikolojia walifunzwa kwa wiki mbili tu kuendesha tiba ya mahusiano kwa vikundi, kikao kimoja kila wiki kwa wiki 16. Kabla ya kuanza, watafiti waliwauliza wanavijiji wenyewe wanauitaje ugonjwa huo, wakapewa maneno ya Kiganda, mojawapo okwekyawa, hali ya mtu kujichukia. Mwishoni, katika vijiji vilivyopata vikundi, waliobaki na dalili kamili za sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji vilivyongoja walikuwa bado asilimia 54.7. Watu wakadaka jambo moja tu katika habari hiyo: wiki mbili zinatosha! Tangu hapo nimeusikia utafiti huo ukitajwa kuhalalisha kila kozi fupi iliyowahi kubuniwa. Lakini wiki mbili zilikuwa mlango tu. Baada ya mlango, waendeshaji walisimamiwa kwa karibu muda wote wa vikundi, wakieleza kilichotokea kikaoni na kukosolewa. Ondoa usimamizi huo ubaki na wiki mbili, sijui utapata nini, na sitaki majaribio hayo yafanyike kwa wagonjwa wa Merikit.

Kuhusu pointi za elimu endelevu, mabaraza ya taaluma yamefanya vyema kudai kwamba leseni isihuishwe bila ushahidi wa kujisomea. Daktari wa Kenya hudaiwa pointi 50 kwa mwaka, na kada nyingine zina hesabu zao, Kenya na Uganda. Ila pointi hutolewa na watoa mafunzo waliosajiliwa, nao wapo mijini na mitandaoni. Hospitali kubwa ina kikao chake cha Alhamisi, daktari anakunywa chai na kupata pointi. Muuguzi pekee wa akili katika kituo cha tarafani analipa nauli kuifuata pointi, au anakesha na simu akisikiliza mhadhara ambao hauhusiani na yeyote aliyemwona mwezi huo. Nimewahi kumkuta mmoja akiwa ameuwasha mhadhara wa mtandao huku anasonga ugali. Alipata pointi. Ugali nao ulikuwa mzuri.

Mahali kama Merikit pana mambo ya kusomwa ambayo moduli ya taifa moja haiwezi kuyagusa. Nitataja machache, na la sheria nitalikalia kidogo.

Uganda ilifuta sheria yake ya kikoloni ya matibabu ya wagonjwa wa akili na kutunga mpya ya mwaka 2018. Kenya iliifanyia marekebisho makubwa sheria yake mwaka 2022, baada ya kikosi kazi kilichoongozwa na Dkt. Frank Njenga kupendekeza mwaka 2020 kwamba matatizo ya afya ya akili yatangazwe kuwa janga la dharura la taifa. Kwa hiyo fomu za kumlaza mtu asiyekubali matibabu si zilezile, na muuguzi anayempokea mgonjwa kutoka ng'ambo anahitaji kujua haki alizokuja nazo na haki anazozikuta. Kisha kuna suala la aliyejaribu kujiua. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokihesabu kitendo hicho kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Uganda bado inacho kifungu chake. Maana yake, binti aliyeokolewa upande wa Kenya ni mgonjwa. Akipandishwa boda kupelekwa kwa shangazi Tororo, anavuka daraja na kuingia nchi ambako kitendo kilekile ni kosa. Familia zinalijua hilo bila kusoma gazeti la serikali, ndiyo maana huja zikisema "alikunywa kwa bahati mbaya". Muuguzi asiyejua sheria huandika alichoambiwa, mgonjwa hurudishwa nyumbani bila kuulizwa swali lile la lazima, kama alitaka kufa, na nafasi ya kumwokoa hupita. Niambieni ni semina ipi imewahi kulifundisha hili kwa watu wa pande mbili wakiwa chumba kimoja.

Kuna pombe. Uganda ilipiga marufuku waragi ya vifuko vidogo mwaka 2019. Kenya ilikwisha kuvikataza vifuko hivyo kwa sheria yake ya 2010. Katikati ya tarehe hizo mbili magendo yalikuwa na karamu ya miaka tisa. Na kuna ajono, pombe ya wimbi ya Waiteso inayonywewa chunguni kwa mirija mirefu, ambayo ni jamii kabla ya kuwa kilevi. Mshauri nasaha anayemwambia mzee wa Kiteso aiache kabisa, kama anavyosema mwongozo, amemwambia aache mazishi, mahari na majirani. Wapo wauguzi Merikit wanaojua namna ya kulisema jambo hilo vizuri. Hakuna aliyewahi kuwaalika wafundishe.

Na kuna imurok, waganga wa Kiteso, na makanisa ya maombi yaliyojaa kando ya barabara. Wengi wa wagonjwa wetu hupitia huko kwanza. Kule Makueni, Kenya, taasisi ya afya ya akili ya Profesa David Ndetei iliwakalisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na watumishi wa afya meza moja, wakakubaliana nani ampeleke nani wapi. Haikuhitaji miujiza. Ilihitaji heshima, na mtu wa kurudi mwezi uliofuata.

Yupo pia mwalimu asiyeonekana, yaani kabati la dawa. Unamfundisha muuguzi fluoksetini, anarudi kukuta amitriptilini tu. Unamfundisha kwamba kifafa hutibiwa bila kukatiza, anarudi kukuta fenobabitoni imekwisha wiki ya pili, na hapa kwetu kifafa ni sehemu kubwa ya kliniki ya akili. Elimu isiyojua kilichomo kabatini humfanya mtu mwenye bidii ajione mjinga. Wengine huacha kazi hiyo wakahamia wodi ya wazazi, ambako angalau mtoto huzaliwa.

Mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake, semina nyingi zilizoegemea miradi ya ukimwi zilikatika ghafla pande zote mbili za mpaka. Wenzangu waliomboleza. Nami niliumia, kwa ajili ya wagonjwa waliokosa dawa na wahudumu waliokosa ajira. Kwa ajili ya bango na projekta sikumwaga chozi. Kipindi hicho kilionyesha kwamba tulijenga elimu ya wataalamu wetu juu ya nauli ya mtu mwingine.

Ninachokitaka ni kidogo, na hakina gharama ya kutisha. Jumatano moja kila mwezi, wauguzi, maafisa kliniki na washauri nasaha wa Tororo na wa Busia zote mbili wakutane, mwezi huu upande huu, mwezi ujao upande ule. Saa tatu. Mafaili manne ya wagonjwa halisi, majina yamefunikwa. Aliyeshindwa ndiye anayeanza kusema. Bingwa mmoja kutoka hospitali ya rufaa ya Mbale au ya Eldoret aje, au asikike kwa simu. Chai na andazi, nauli ya basi, basi. Kitu cha kwanza kiwe ukurasa mmoja wa pamoja ndani ya daftari la mgonjwa, unaosomeka pande zote: dawa, kipimo, tarehe ya sindano ya mwisho, namba ya kituo.

Nitaulizwa kuhusu makundi ya WhatsApp. Yapo, na usiku wa manane yameokoa watu. Lakini nimeona humo picha za wagonjwa zilizopigwa bila idhini, nyuso wazi, zikisambaa nchi mbili kwa dakika moja. Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka mmoja, 2019. Simu itumike kuulizia. Kesi ijadiliwe mezani.

Nitaulizwa pia kama kikao cha kusimuliana makosa hakitawaumbua watu. Mara ya kwanza kitawaumbua. Yule muuguzi wa daftari la Uganda, nilipomwonyesha daftari la kasuku, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, sindano ile niliidunga kwa mkono wangu, na nilimpongeza mama yake kwa kumleta mapema." Hakuwa amezungumza na mtu wa fani yake, ana kwa ana, kwa miezi saba. Alihitaji kukosolewa, na alihitaji vilevile kuambiwa kwamba mimi nami nilishawahi kuipinda shingo ya mgonjwa kwa dawa, mwaka wangu wa pili kazini, na nikadhani ni mapepo. Nilimweleza. Tukacheka kidogo, kisha tukapanga tarehe.

Kwa mabaraza ya wauguzi, ya maafisa kliniki na ya madaktari, Kampala na Nairobi, ombi langu ni moja: ithibati itolewe kwa kikao hiki cha mpakani, na saa zake zihesabiwe sawa pande zote mbili. Mwenyekiti wa kwanza yuko tayari, anakaa Merikit, ana pikipiki yake. Yule mama naye ameyashona madaftari mawili kwa uzi wa gunia, yakawa moja, na juu ya picha ya kasuku ameandika kwa kalamu nyekundu: SOMA ZOTE.